Rufaa ya maegesho imekataliwa: namna ya kuendelea kupinga tozo ya kampuni binafsi England na Wales

Barua imefika: rufaa yako imekataliwa, lipa pauni 100 ndani ya siku 28. Wengi hulipa hapo hapo kwa kudhani aliyekataa rufaa ni hakimu. Siye. Kampuni za maegesho zina vyama viwili, BPA na IPC: POPLA husikiliza rufaa dhidi ya kampuni wanachama wa BPA, na IAS husikiliza za wanachama wa IPC. POPLA na IAS zote ni vyombo vya sekta ya maegesho, si mahakama. Ukishinda huko, kampuni inalazimika kufuta tozo. Ukishindwa kwa rufaa ya kawaida, uamuzi haukufungi. Mwenye uwezo wa kukuamuru ulipe ni jaji wa County Court peke yake, na shauri likifika kwake linaanza upya, bila kufungwa na kilichosemwa na POPLA wala IAS.

Ulichopoteza kwa kukata rufaa kwa kawaida ni punguzo la siku 14 za mwanzo tu. Kampuni nayo ina miaka 6 ya kukufungulia dai, kwa mujibu wa Limitation Act 1980, kwa hiyo ukimya wa miezi kadhaa usikupumbaze. Usitupe karatasi hata moja, na weka bahasha pamoja na barua yake.

Kabla ya lolote, soma kichwa cha karatasi. Parking Charge Notice kutoka kampuni binafsi ni dai la mkataba, na ndiyo inayozungumzwa hapa. Penalty Charge Notice kutoka halmashauri ni adhabu ya kisheria yenye mkondo wake wa rufaa, London Tribunals kwa jiji la London na Traffic Penalty Tribunal kwa kwingine, na ukiipuuza unaweza kuletewa madalali wa mahakama bila kesi ya kawaida kusikilizwa. Herufi tatu za mwanzo zinafanana, PCN, na kampuni hazina haraka ya kukuondolea mkanganyiko huo. Kama tukio lilikuwa Scotland au Ireland ya Kaskazini, mengi ya hapa hayakuhusu, kwa sababu sheria ya kumbana mwenye kadi ya gari inayoelezwa hapa chini ni ya England na Wales tu.

Dereva au mwenye kadi?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na ndilo watu huliharibu mapema. Mkataba wa maegesho ni kati ya kampuni na dereva. Kampuni haimjui dereva. Inachokipata kutoka DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, kwa ada ya pauni 2.50, ni jina na anwani ya mwenye kadi ya gari, yaani V5C. Ili deni limhamie huyo, lazima kampuni iwe imefuata masharti ya Jedwali la 4 la Protection of Freedoms Act 2012 bila kuruka hata moja.

Kama gari halikubandikwa karatasi kwenye kioo bali lilinaswa na kamera zinazosoma namba, aya ya 9 inataka notisi imfikie mwenye kadi ndani ya siku 14, zinazoanza kuhesabiwa siku inayofuata ile ya maegesho. Barua iliyopostiwa huhesabika kufika siku ya pili ya kazi baada ya kupostiwa. Chukua mfano wa gari lililoegeshwa Jumapili tarehe 1 Juni: siku ya mwisho ni tarehe 15. Barua ikipostiwa Ijumaa tarehe 13, inahesabika kufika Jumanne tarehe 17. Imechelewa, na mwenye kadi hadaiwi chini ya sheria hiyo. Kama karatasi ilibandikwa kwenye kioo, aya ya 8 hubadilisha hesabu: kampuni husubiri siku 28, kisha notisi lazima ifike ndani ya siku 28 zinazofuata, yaani kati ya siku ya 29 na ya 56.

Tarehe si kila kitu. Soma pia maneno. Notisi lazima itaje kipindi cha maegesho na eneo husika. Lazima imwalike mwenye kadi alipe, au kama hakuendesha yeye, ataje jina na anwani ya dereva. Tena lazima imwonye kwamba siku 28 zikipita bila malipo na dereva akiwa hajulikani, kampuni itakuwa na haki ya kumdai yeye. Onyo hilo likikosekana, au likiandikwa kama dhana tu kwamba “tutachukulia ulikuwa dereva”, masharti hayajatimia. Hakuna sheria inayomfanya mwenye kadi achukuliwe moja kwa moja kuwa ndiye aliyekuwa anaendesha.

Kuna maeneo ambayo Jedwali la 4 haligusi kabisa: barabara za umma, na ardhi ambayo maegesho yake yanaongozwa na sheria ndogo, kama vituo vingi vya treni na viwanja vingi vya ndege. Huko kampuni ina dereva tu wa kumdai, kama inamjua.

Sasa angalia uliandika nini kwenye rufaa yako. Kama uliandika “niliegesha saa nne”, umeshajitaja kuwa dereva, na hoja hii imekufa. Usipoteze muda kuifufua, nenda kwenye mabango na ukweli wa tukio. Kama uliandika kama mwenye kadi bila kumtaja dereva, endelea hivyo hivyo katika kila barua: “dereva aliegesha”, “gari liliingia”. Kutomtaja dereva si uongo. Uongo ni kukana kwamba uliendesha ilhali uliendesha, kwa sababu mbele kuna hati utakazosaini chini ya tamko la ukweli, na kudanganya humo ni kudharau mahakama. Kwa kesi ya pauni 100, hakuna anayestahili kufika huko.

Hoja zenye nguvu na zilizochakaa

Hoja kwamba “kampuni haikupata hasara yoyote” ilizikwa tarehe 4 Novemba 2015. Katika ParkingEye dhidi ya Beavis, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali tozo ya pauni 85 kwa dereva aliyepitiliza saa 2 za bure kwa dakika 56 kwenye maegesho ya maduka huko Chelmsford. Mahakama ilisema kampuni ilikuwa na maslahi halali ya kuhakikisha nafasi zinazunguka, na kwamba kiasi hicho hakikuwa cha kupindukia. Ukiingia mahakamani na hoja ya hasara pekee, utatoka umeshindwa.

Lakini kesi hiyo ni panga lenye makali kuwili. Tozo ilikubalika kwa sababu mabango yalikuwa makubwa, mengi, na kiasi cha tozo kilionekana wazi. Bango la kwako likiwa limewekwa juu ya nguzo, kwa herufi ndogo, bila taa, na pauni 100 imefichwa kwenye aya ya mwisho, unaitumia kesi ile ile dhidi yao: hakuna mkataba juu ya sharti ambalo dereva hakuwekewa mahali pa kuliona. Consumer Rights Act 2015 nayo inataka masharti kwa mlaji yawe wazi, inasema sharti lenye utata litafsiriwe kwa manufaa ya mlaji, na kifungu cha 71 kinamtaka jaji apime haki ya sharti hata kama hakuna aliyeiibua hoja hiyo.

Dakika chache huleta ushindi mwingi. Kamera hupiga picha gari likiingia na likitoka getini, na muda wa kutafuta nafasi, kusoma bango, kupanga foleni kwenye mashine na kusubiri kutoka si muda wa kuegesha. Kanuni ya pamoja ya BPA na IPC, inayotumika tangu tarehe 1 Oktoba 2024, inatoa dakika 10 za ziada baada ya muda ulioruhusiwa au kulipiwa, na kwa kawaida dakika 5 za mwanzo ili dereva asome masharti na kuamua kama anabaki. Kanuni hiyo si sheria, ila kampuni iliyoikiuka hupata taabu kueleza kwa nini jaji aisaidie. Vilevile, kama ulilipa lakini ukakosea herufi moja ya namba ya gari, kanuni inataka kosa dogo la namna hiyo lifutwe, na kosa kubwa la kuandika namba lisitozwe zaidi ya pauni 20.

Kusimama kidogo kushusha mzigo au abiria huenda kusiwe kuegesha kabisa. Rufaa moja ya County Court huko Oxford mwaka 2016 iliamua hivyo kwa mkazi aliyesimama kushusha vitu mlangoni. Mkazi pia aangalie mkataba wake wa upangaji: ukimpa haki ya kuegesha bila kutaja kibali, kampuni iliyoletwa baadaye haiwezi kumnyang’anya haki hiyo kwa kubandika bango. Mwenye ulemavu ana Equality Act 2010, inayotaka marekebisho ya haki kwa ajili yake, ukiwamo muda zaidi.

Dhaifu ni hizi: kwamba bango halina kibali cha matangazo cha halmashauri, kwamba barua haikusainiwa kwa mkono, kwamba “sikukubaliana na mkataba wowote”. Waache wengine wajaribu bahati yao.

Mwenye eneo bado anaweza kufuta

Watu husahau hili baada ya kushindwa rufaa, na linabaki kuwa njia ya bei nafuu kuliko zote. Supamaketi, hoteli, hospitali au wakala wa jengo aliyeiajiri kampuni anaweza kuiambia ifute, hata siku moja kabla ya kesi. Andika kwa meneja wa tawi na kwa makao makuu kwa wakati mmoja. Ambatanisha risiti au taarifa ya benki inayoonyesha ulinunua siku hiyo. Barua iwe fupi, isiwe na matusi, na iseme unachotaka: tozo namba fulani ifutwe. Ukijibiwa “wasiliana na kampuni”, jibu kwamba wao ndio waliosaini mkataba na wakala wao, na uulize nani katika ofisi yao anasimamia mkataba huo.

Wakusanya madeni

Baada ya siku 28 barua huanza kuongezeka rangi nyekundu. Deni linapanda kutoka 100 hadi 170, jina la kampuni ya ukusanyaji linatokea, kisha punguzo la “siku ya mwisho”, kisha maneno juu ya hukumu na kazi yako. Wakusanya madeni hawana mamlaka yoyote. Hawawezi kuingia nyumbani, kuchukua mali, wala kuharibu rekodi yako ya mikopo. Si madalali wa mahakama, ambao huja tu baada ya hukumu isiyolipwa. Usiwajibu, usiwapigie, usijadiliane nao. Ila fungua kila bahasha, maana ndani ya rundo hilo ndimo itakamotokea barua ambayo ni lazima ujibu.

Ukihama, andika mara moja kwa kampuni, na kwa mawakili wao kama wameshatajwa, ukiwapa anwani mpya na kuwataka wafute ya zamani. Kubadilisha kadi ya gari DVLA hakutoshi: kampuni ilichukua anwani yako mara moja tu na itaendelea kuitumia hiyo.

Wakati huu wa ukimya una kazi moja ya maana. Tuma kwa afisa wa ulinzi wa data wa kampuni ombi la taarifa zako binafsi chini ya sheria ya ulinzi wa data. Ni bure, na wana mwezi mmoja kujibu. Taka picha zote, kumbukumbu za kamera, kumbukumbu za mashine ya malipo kwa namba ya gari lako, na nakala za barua zote walizotuma na kupokea.

Letter of Claim: siku 30

Barua yenye kichwa Letter of Claim au Letter Before Claim si sawa na zile za wakusanya madeni. Ni hatua ya mwisho kabla ya mahakama, na utaratibu wa madai ya madeni ulioanza tarehe 1 Oktoba 2017 unakupa siku 30 kujibu. Itakuja na fomu ya majibu na fomu ya mapato na matumizi. Hiyo ya mapato usiijaze: ni ya mtu anayekubali deni na kuomba kulipa kidogo kidogo.

Jibu kwa barua pepe au barua, ukihifadhi ushahidi wa kutuma. Sema unalipinga deni lote na kwa nini, kwa mistari michache. Omba nakala ya notisi ya kwanza, picha za mabango kama yalivyokuwa siku ile, mkataba unaoipa kampuni mamlaka kutoka kwa mwenye ardhi, na maelezo ya zile pauni 70 ni za nini. Ukiomba hati, hawapaswi kufungua dai mpaka siku 30 zipite tangu wakupatie. Mara nyingi majibu huja na nusu ya ulichoomba. Usijali, pengo hilo litakusaidia baadaye.

Hati ya madai

Hii hutoka Northampton, kwenye kituo cha kitaifa cha mashauri ya madai, na ina muhuri wa mahakama, namba ya shauri na nenosiri la kujibu mtandaoni. Kuanzia hapa, kuchelewa kunakuangusha kuliko udhaifu wa hoja yoyote. Wanaopuuza hupewa hukumu ya upande mmoja bila jaji kuangalia bango hata moja.

Hesabu hivi. Angalia tarehe ya kutolewa hati, tuseme 3 Machi. Ongeza siku 5: inahesabika umeipokea tarehe 8 Machi. Ndani ya siku 14 kutoka hapo, yaani hadi tarehe 22 Machi, thibitisha mtandaoni kwamba umeipokea na unakusudia kutetea dai lote. Ukifanya hivyo, muda wa utetezi unakuwa siku 28 tangu tarehe 8, yaani hadi tarehe 5 Aprili. Jumla ni siku 33 tangu tarehe iliyo kwenye hati. Usisubiri siku ya mwisho, mtandao wa mahakama una tabia ya kulala mwisho wa wiki.

Kosa la kawaida hapa: mtu anathibitisha kupokea, kisha anaona kisanduku cha utetezi na kuandika humo “sidaiwi, mabango hayaonekani”. Akishatuma, huo ndio utetezi wake. Kwenye hatua ya kuthibitisha, kisanduku hicho kiache kitupu kabisa. Kosa jingine ni kuweka alama kwenye kupinga mamlaka ya mahakama; hilo si la kesi hizi.

Dai lenyewe kwa kawaida linajengwa hivi: tozo pauni 100, nyongeza hadi pauni 70, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ada ya mahakama pauni 35 na gharama ya wakili pauni 50. Nyongeza ndiyo ya kushambulia. Kwa mwenye kadi, aya ya 4(5) ya Jedwali la 4 inazuia kudai zaidi ya kiasi kilichoandikwa kwenye notisi. Kwa dereva, hoja ni kwamba Beavis ilishaona tozo yenyewe inafidia gharama za kuendesha mfumo wa kukusanya, kwa hiyo pauni 70 ni kulipwa mara mbili. Majaji hawakubaliani wote juu ya hili, lakini wapo wanaoiondoa.

Kuandika utetezi

Utetezi unataja hoja. Ushahidi na picha vinakuja baadaye. Aya fupi zenye namba, kwa Kiingereza. Anza kwa yasiyobishaniwa: wewe ni mwenye kadi ya gari. Kisha kama dereva hajatajwa, sema kampuni inatakiwa kuthibitisha ni nani, na kwamba notisi yao haikutimiza Jedwali la 4, ukitaja aya na tarehe. Kisha eleza kilichotokea kadiri unavyojua. Kisha mabango, mamlaka ya kampuni kutoka kwa mwenye ardhi, na nyongeza. Maliza kwa tamko la ukweli lenye jina, saini na tarehe. Utetezi usio na tamko hilo unaweza kutupwa.

Soma maelezo ya dai lao kwa makini kabla ya kuandika. Mara nyingi ni sentensi nne au tano za kunakili, zisizosema ni sharti gani lilivunjwa: hakulipa? alipitiliza? aliegesha nje ya mistari? Kanuni ya 16.4 ya mwenendo wa mashauri ya madai inataka ukweli ambao dai linauegemea, na mwaka 2023 jaji wa rufaa huko Luton alifuta dai la maegesho lililokosa jambo hilo. Likiwa hivyo kwako, iwe aya yako ya kwanza kabisa.

Mfumo wa mtandaoni una kikomo cha mistari 122 na huvuruga mpangilio. Wengi hutuma utetezi uliosainiwa kama PDF kwa barua pepe ya kituo, wakiweka namba ya shauri kwenye kichwa cha barua, kisha husubiri jibu la kiotomatiki na kulihifadhi.

N180 na usuluhishi

Fomu ya N180, yenye maswali ya mahakama juu ya namna shauri litakavyoendeshwa, hufuata. Kubali shauri liende kwenye mkondo wa madai madogo. Kataa liamuliwe kwa karatasi bila watu kufika: maswali ya jaji kwa wakili asiyejua eneo lenyewe ndiyo silaha yako. Taja mahakama iliyo karibu na nyumbani kwako, shahidi mmoja ambaye ni wewe, na tarehe usizoweza kufika. Kuna swali la mkalimani pia. Ukimhitaji, liseme hapo. Peleka nakala kwa mdai.

Tangu Mei 2024 usuluhishi ni lazima kwa madai ya aina hii. Ni simu ya bure, hadi saa moja, na msuluhishi huongea na kila upande peke yake. Lazima upokee simu, kwa sababu kukwepa kunaweza kukuletea adhabu ya gharama. Si lazima ukubali chochote. Ukisema ofa yako ni pauni 0 na unataka jaji aamue, umetimiza wajibu. Msuluhishi hapimi nani ana haki, basi usijichoshe kumhutubia.

Ushahidi

Shauri likihamia mahakama yako, utapata amri yenye tarehe ya kusikilizwa, tarehe ya mdai kulipa ada ya usikilizwaji, ambayo ni pauni 27 kwa dai lisilozidi 300, na tarehe ya kubadilishana ushahidi, mara nyingi siku 14 kabla. Itii amri yako, si kumbukumbu ya mtu mwingine. Kampuni nyingi huondoa shauri karibu na siku ya ada hiyo, kwa fomu ya N279, zikigundua mtu hakutishika. Lakini usijipange kwa kutegemea hilo.

Maelezo yako ya shahidi yaandikwe kwa nafsi ya kwanza, aya zenye namba, vielelezo vyenye namba, kurasa zenye namba. Picha zipigwe kutoka kwenye kiti cha dereva anapoingia na kutoka mahali gari lilipoegeshwa, si karibu na bango. Kama tukio lilikuwa usiku, rudi usiku. Weka rula pembeni mwa herufi ndogo kabisa za bango. Picha za zamani za barabara kwenye Google Street View huonyesha kama bango lilikuwepo mwaka ule, zinazo tarehe. Risiti, taarifa ya benki na kumbukumbu ya safari ya simu huthibitisha muda.

Kisha pitia ushahidi wao kama mkaguzi. Picha za mabango zina tarehe gani? Mkataba na mwenye ardhi umesainiwa na nani, umefichwa sehemu zipi, na ulikuwa hai siku ile? Ramani ni ya eneo hilo hilo? Shahidi wao aliwahi kufika hapo, au ni karani wa ofisini? Mara nyingi shahidi huyo hafiki mahakamani kabisa, na hapo jaji anabaki na mtu mmoja tu wa kumuuliza, ambaye ni wewe.

Siku ya shauri

Ni chumba kidogo, mara nyingi kwa chini ya saa moja. Wao huleta wakili wa kukodiwa aliyepewa faili jana yake. Jaji huitwa “Judge”. Unaweza kuja na mtu wa kukusemea hata kama si wakili, mradi uwepo mwenyewe. Beba nakala iliyochapishwa ya kila kitu, na karatasi moja yenye hoja tatu kwa mpangilio wa nguvu, kwa sababu baada ya ya tatu jaji ameshachoka. Ukiulizwa, jibu kwa ukweli na kwa ufupi, na mwonyeshe ukurasa.

Ukishinda, omba nauli na mapato uliyopoteza, hadi pauni 95 kwa siku. Kama kampuni iliendesha shauri bila busara, kanuni ya 27.14(2)(g) inaruhusu zaidi, ingawa majaji huitoa kwa uchache.

Ukishindwa, hesabu ni hii: 100, pengine 70, ada 35, wakili 50, usikilizwaji 27 na riba kidogo. Kati ya pauni 212 na 282, bila kuhesabu riba hiyo. Mawakili wao hawawezi kukubambika maelfu kwenye mkondo huu, usipofanya ukorofi. Lipa yote ndani ya mwezi mmoja tangu hukumu, na jina lako huondolewa kabisa kwenye rejista ya hukumu. Ukichelewa, linakaa miaka 6 na benki zinaliona. Kwa hiyo kama ushahidi wako ni mwembamba, uliendesha, ulijitaja, na mabango yalikuwa yanasomeka vizuri, kulipa pauni 100 kabla ya hati ya madai kutoka ni uamuzi wa akili timamu.

Ukigundua hukumu usiyoijua

Hutokea kwa waliohama: unaomba mkopo, unakataliwa, ndipo unakuta hukumu ya mwaka jana. Pigia kituo cha Northampton, pata namba ya shauri, jina la mdai na anwani waliyotumia. Kama hukumu haijamaliza mwezi, kulipa kunaifuta kwenye rejista, na wengine huchagua hivyo. La sivyo, njia ni fomu ya N244 ya kuomba itenguliwe. Ada yake imezidi pauni 300, isipokuwa una kipato kidogo na umeomba msaada wa ada kwa fomu ya EX160.

Omba kwanza chini ya kanuni ya 13.2, kwamba hati haikufikishwa inavyotakiwa: kanuni ya 6.9 inamtaka mdai mwenye sababu ya kujua kwamba umehama achukue hatua za kutafuta anwani yako ya sasa. Barua zilizorudishwa, au miaka iliyopita bila jibu lolote, ni sababu hiyo. Omba pia chini ya 13.3, kwamba una utetezi wenye matumaini ya kushinda, na uambatanishe rasimu yake. Ambatanisha mkataba wa nyumba au bili ya halmashauri kuthibitisha ulikohamia na tarehe. Jaji atauliza ulichukua siku ngapi tangu ulipojua hadi ulipoomba. Wiki mbili zinaelezeka, miezi mitatu haielezeki. Andika kwa mawakili wa mdai kabla ya kutuma ombi ukiwataka wakubali kutengua kwa maafikiano, kwa sababu ada ya ombi la maafikiano ni ndogo kuliko hiyo, na wakikataa bila sababu barua hiyo ndiyo utakayomwonyesha jaji ukiomba wakurudishie ada yako.